Kila Nikienda Lamu Naishia Uani; Safari Hii Nataka Kutembea

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, makao yangu Malindi. Mume wangu ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Mkomani, ila kazi imemweka huku tangu hatujaoana. Ndoa yetu ina miaka tisa na sina malalamiko makubwa juu yake.

Mwaka huu zamu yangu ya mchezo wa akina mama imeangukia Juni, nikaapa pesa hizi haziendi kwenye karo wala kwenye mabati. Nataka mimi na mume wangu tutoke, wikendi moja tu ya Julai wakati jua limepoa, Ijumaa hadi Jumatatu, watoto wabaki kwa mamangu. Nimechagua Lamu. Ndiyo, Lamu ya ukweni.

Nikueleze kwa nini. Lamu nimeenda mara nyingi: arusi, matanga, Idi. Ninachokijua vizuri huko ni uani kwa mavyaa. Najua mbuzi ya nazi huegemezwa pembe gani na jiko lipi lafuka moshi. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Mimi langu hunipokea gatini. Nikishuka botini wifi zangu hunikumbatia, huniuliza safari, na kabla buibui halijakauka rasharasha za baharini nishakaa nakuna nazi. Hawanifanyii ubaya, wallahi. Wananipenda nami nawapenda. Lakini nikiwa pale uani huwasikia watalii wakipita kichochoroni, na kijana anayewatembeza anawaeleza nyumba yetu: mlango wa kuchonga, daka, zidaka za ndani, mawe ya matumbawe na chokaa. Watu walioshuka asubuhi wanaijua nyumba ya mume wangu kuniliko mimi! Ngome sijaingia. Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda, sijafika. Shela (ya Lamu, si mtaa wetu wa hapa Malindi) nilipelekwa kwa mazishi ya nduguye mavyaa, maana asili yake ni huko, na siku hiyo pia nilikuwa jikoni.

Basi nikaandika orodha kwenye simu. Ijumaa kufika, kulala gesti ya Shela yenye kitanda juu ya dari chini ya makuti. Usiku, hoteli iliyo karibu na maji. Jumamosi mashua hadi Takwa, kurudi na tanga jua likizama, kisha kamba wa nazi mahali nilipopaona kwenye picha. Jumapili Ngome, makumbusho, chakula cha mchana barabara ya mbele, na usiku hoteli nyingine tena. Nimesoma maoni ya watu, nimepiga hata simu kuuliza bei ya kaa.

Mume wangu aliisoma mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Nile hoteli Lamu, na mamangu yuko hai?"

Akasema kama shida yangu ni hoteli twende Mombasa au Nairobi, au tubaki hapa hapa tule pizza. Kwamba gatini mpaka kijana wa mkokoteni anamjua kwa jina la babake, na habari itafika Mkomani kabla ya begi. Nikamwambia basi tupande boti Mokowe, gati la bara, itushushe Shela moja kwa moja, tusimwambie mtu. Akacheka. Kisha akanyamaza, na neno la safari halijarudi mezani.

Sasa sijui nishike lipi. Nikilala kwa mavyaa, mwisho wake naujua. Tukila hoteli, mavyaa atasema nimemtenga mwanawe. Nairobi mwezi wa saba ni ya makoti, na mimi koti sina wala hamu sina. Na mwenzangu kazini ananiambia Lamu wakati wa kusi, huu upepo wa kutoka kusini, si ya kwenda: bahari imechafuka, hoteli zimefungwa, nitatupa pesa na kuharibu ukwe vilevile. Nina shilingi elfu arubaini. Je, nadeka bure? Na kama naenda, nichague wapi pa kula na pa kutembea?

Mkuna Nazi, Malindi

JIBU

Marahaba mwanangu,

Unataka siku tatu za kuwa na mumeo katika mji ambao yeye ana watu na wewe una kazi. Hilo ndilo nililolisikia. Hoteli, mashua na kaa zimo ndani yake, nami nitazigusa zote, lakini niruhusu nianze na kusi, kwa sababu hapo mwenzako wa kazini amesema nusu ya kweli na hiyo nusu inaweza kukukosesha safari.

Kusi huanza kuvuma Aprili hivi na kuendelea hadi Septemba. Julai uko katikati yake. Upande wa bahari kuu, ule ufuo mrefu nyuma ya matuta ya mchanga ya Shela, mawimbi hupiga kwa nguvu na si pa kuogelea. Kwenda kisiwa kidogo cha Manda Toto kuchungulia samaki na matumbawe pia ni kupoteza pesa, maji si maangavu. Lakini mji wa Lamu haukutazama bahari kuu kama Malindi yetu. Kati ya kisiwa cha Lamu na Manda kuna mkondo, na mle ndani vyombo vinatembea mwaka mzima. Takwa iko ndani ya hori la mikoko. Shida yake si upepo, ni maji. Yakitoka, mashua haifiki, na nyinyi mtamalizia safari topeni viatu mkononi. Kwa hiyo usimwambie nahodha "Jumamosi saa tatu". Muulize maji yanajaa saa ngapi Jumamosi hiyo, naye atakwambia mtoke lini na mwisho wa kuondoka huko ni lini. Hiyo picha yako ya kurudi na tanga jua likizama inategemea mwezi uko wapi. Huenda ikawa hivyo, huenda mkarudi adhuhuri.

Kuhusu kufungwa: baadhi ya hoteli za Shela hufunga Mei na Juni, wakati wa mvua za mwaka, na kufikia Julai nyingi zimefungua. Simu moja kwa kila hoteli inatosha. Na hicho kitanda cha juu ya dari, mwanangu, kwenye picha kimepigwa wakati wa kaskazi. Julai upepo huo unaoitwa wa kupoza utainua shuka na mto pamoja, na manyunyu ya usiku yapo. Uliza kama kuna chumba cha ndani ambacho mnaweza kukimbilia bila kulipa zaidi. Hata hoteli iliyo karibu na maji, waombe meza iliyokingwa na ukuta. Nimeona watu wakila usiku wa kusi huku mkono mmoja umeshika sahani.

Kusi huingia sahanini pia. Vyombo vidogo haviendi nje ya miamba, kwa hiyo samaki wa huko hupungua na bei hupanda. Kamba wa kwenye picha waulize kama ni wa leo au wa friji. Kaa ndiye asiyejali kusi, maana anatoka mikokoni, na wewe tayari umeuliza bei yake. Moyo wako unajua njia.

Orodha yenyewe naiona nzito. Hoteli Ijumaa usiku, Jumamosi usiku, Jumapili mchana na usiku. Toa nauli za basi kwenda na kurudi, boti, gesti na mashua, hizo elfu arubaini zitakuwa zinahema. Mashua mara nyingi hukodiwa nzima na si kwa kichwa, na bei inafaa ikatwe kabla mguu haujaingia chomboni: samaki wa kuchoma na wali vimo? Maji ya kunywa je? Ngome, makumbusho na Takwa ziko chini ya Makumbusho ya Taifa, na mwananchi hutozwa kidogo kuliko mgeni wa nje, kwa hiyo vitambulisho viwe karibu. Mtavihitaji njiani pia, kule Garsen na Witu, kwenye vizuizi vya polisi.

Ningekuwa mimi ningechagua mlo mmoja tu wa kukaa na kuhudumiwa, usiku, mahali ulipopapenda wewe. Hiyo mingine iache mjini. Ukitoka Ngome, ambayo ilimalizika kujengwa 1821 na ikawa jela hadi 1984 (mwulize mumeo, huenda wazee wake wana visa vyake), uko Mkunguni, ule uwanja wa mbele yake. Jioni pale na pembezoni mwa Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kuna mishikaki, viazi vya karai, bajia, mikate ya mofa na juisi ya ukwaju. Mishikaki ya Mkunguni hata mwenye mama saba hula, na sidhani kuna jirani atakayempelekea mavyaa habari hizo. Kuna na jambo dogo la hoteli za Shela: zingine zinauza pombe. Kama mumeo hapendi kuonekana hapo, bora mlijue mapema kuliko kusimama mlangoni mkitazamana.

Sasa nije kwenye lile zito.

Nimeipitia barua yako nikitafuta neno moja lililotoka kinywani mwa mavyaa. Sikuliona. Atasema hivi, ataona vile: ni mumeo amesema au ni wewe umedhani. Labda mnadhani sawa. Mwanamke wa rika lake, mtoto akiingia mjini akalala kwingine, majirani humwuliza wamekosana nini, na yeye ndiye anayebaki pale kuwajibu baada ya nyinyi kupanda boti. Hilo si la kupuuza. Lakini yawezekana pia kinachoweza kumwumiza ni kusikia kwa kijana wa mkokoteni, si hiyo gesti. Na yawezekana, nakwambia haya kama mtu niliyewahi kuwa mkwe, kwamba mama huyo naye amechoka kupika kila mnapokuja, ila hakuna aliyempa nafasi ya kusema.

Mumeo naye, lile neno lake usilipokee kama kiburi. Kwenu Malindi yeye ni mume wako na baba wa watoto. Akishuka gatini anakuwa mwana wa fulani kabla ya yote hayo. Nakuuliza tu: safari zile zote wewe ukikuna nazi, yeye huwa wapi? Nabahatisha ni barazani na wenzake. Huo uani hajawahi kuuona kwa macho yako. Je, ulimweleza habari ya watalii kichochoroni jinsi ulivyonieleza mimi? Au ulimpa simu asome orodha? Kwa sababu orodha ya hoteli ukimpa mtu anaanza kuhesabu pesa na aibu. Ile habari nyingine haina bei.

Na wewe je: unachokikimbia ni chakula cha nyumbani au ni mbuzi ya nazi? Si kitu kimoja. Kuna mtu ambaye angefurahi kula kwa mavyaa siku mbili ikiwa tu angekaa na kuandaliwa. Kuna mwingine ambaye hata angeandaliwa, bado angetaka mlango wa kufunga yeye na mumewe. Ujue wewe ni yupi kabla hujaamua.

Ya kushukia Shela kimyakimya sitaikawiza. Shela ni kama kilomita tatu tu kutoka mjini kwa njia ya pwani, magari hakuna, watu wote wanapishana kwa miguu. Mumeo alicheka kwa sababu anaujua mji. Wikendi nzima ungekaa meza ya nyuma umejifunika, na pesa zako za mchezo zingekuwa zimenunua hiyo.

Kugawa siku ndiko watu wengi hufanya, na hapa utaratibu una maana kuliko inavyoonekana. Mkianzia kwa mavyaa Ijumaa, heshima inatangulia na hakuna wa kusema. Hatari ni Jumamosi asubuhi: "subirini mnywe chai", kisha "wifi yenu anakuja kuwaona", kisha maji ya Takwa yameshatoka na wewe uko uani. Wewe unawajua kuniliko. Mkianzia Shela na kumalizia nyumbani Jumapili usiku, mnapata siku zenu zikiwa bado mbichi, na tena mabasi huondoka Mokowe mapema asubuhi, hivyo kulala mjini karibu na gati ni afueni kwenu. Hapo hatari ni ile ya majirani, siku mbili mko kisiwani na nyumbani hamjalala. Wengine hupunguza makali kwa kupitia kwanza kusalimia siku ileile ya kufika, wakakaa saa moja, wakaacha pea ya leso na kitoweo, wakaendelea. Lakini saa moja ya ukweni, sote twaijua urefu wake.

Au umchukue mavyaa Takwa. Usigune kwanza. Wewe umeiandika Takwa kama matembezi ya watalii, na umeandika pia kwamba asili ya mavyaa ni Shela. Takwa ilihamwa kuelekea mwisho wa karne ya 17, na inasimuliwa kwamba watu wake walivuka wakaja kukaa Shela. Lile kaburi la mnara pale lina maandishi yenye tarehe ya mwanzoni mwa miaka ya 1680, na watu wa Shela wamekuwa wakienda huko kuomba mvua. Kwa hiyo kuna uwezekano kwamba unapanga kumlipa kijana akueleze habari ambazo mavyaa wako amezisikia kwa bibi yake, nawe hukuwahi kumwuliza kwa sababu mikono yenu wote wawili ilikuwa kwenye chungu. Hasara nayo iko wazi: mashua ikishampakia mavyaa itampakia wifi, wifi ana watoto, watoto wana sufuria, na ukigeuka umejaza jahazi. Nyinyi wawili mtakuwa wapi hapo? Labda hilo ni la safari nyingine. Labda ni kumwuliza tu, kwa simu, Takwa kuna nini.

Kwenda kwingine kabisa si woga. Mombasa hakuna anayemjua kwa jina la babake, mtakula mtakapo. Hata hapa Malindi, niambie tangu shuleni umeingia magofu ya Gede lini? Umewahi kukaa Marafa jua likishuka ile miamba ikabadilika rangi? Unaweza kupata siku zako mbili bila kumwomba mtu ruhusa. Ila nakusoma, naona si matembezi matupu unayoyataka, ni Lamu yenyewe. Ukienda Mombasa Julai, Idi ijayo utashuka gatini pale pale, na jembe lako pale pale.

Uliuliza kama unadeka bure. Miaka tisa umekwenda kila ulipoitwa, na bado unasema unawapenda. Sioni kudeka hapo. Naona mtu aliyeomba kitu kwa mara ya kwanza na hajajua akiombe vipi.

Mkipatana, itabaki simu ya kumpigia mavyaa, na sijui nani kati yenu aipige. Akipiga mumeo, mama atasikia kwa mwanawe na itakuwa nyepesi, lakini huenda akasema maneno mawili na kuyageuza yote kuwa "mke wangu anataka". Ukipiga wewe, utasema lako kwa mdomo wako, na pia ndiwe utakayesikia kile kimya cha upande wa pili kama kitakuwapo. Kuna nyumba ambazo mkwe hapigi simu ya namna hiyo hata iweje. Ya kwenu mnaijua nyinyi. Ila gesti wakikuomba amana, waombe wakushikie chumba siku chache bila kutuma kitu, mpaka simu hiyo iwe imepigwa.